Miche Iliyokufa Kaskazi: Kisa cha Bwawa la Chumvi Lililoachwa Ngomeni

Ukitoka Malindi, pwani ya Kenya, kuelekea Garsen, ukafika Gongoni na kushika njia ya Ngomeni, unaanza kukutana na matuta ya viwanda vya chumvi. Nyuma ya mojawapo, upande wa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, kuna bwawa lililoachwa miaka mingi. Sitalitaja kwa jina wala kusema lilikuwa la nani, maana ardhi yake bado ina maneno. Kwa ukubwa ni ekari kumi na kitu. Miche ya mikoko imepandwa humo mara mbili, na mara zote mbili imekufa.

Mara ya kwanza ilikuwa masika ya 2021. Mvua zilikuwa zimeanza kukosekana tangu mwisho wa 2020, na ukame huo uliendelea misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Miche ilipokauka hakuna aliyeuliza maswali. Ukame, basi. Mara ya pili ilikuwa tarehe 13 Novemba 2023, siku ambayo serikali iliitangaza kuwa mapumziko ili wananchi wapande miti. Hiyo ndiyo vuli ya El Niño, mto Sabaki umefurika, barabara zimekatika, na bwawa letu limejaa pomoni. Mwaka 2024 ulipoanza ile miche ilikuwa tayari inakufa. Safari hii ikasemwa ni mafuriko. Mti uleule, mahali palepale, mwaka huu umekufa kwa kiu na mwaka ule umekufa kwa maji. Hapo ndipo baadhi yetu tulipoanza kutilia shaka majibu yote mawili.

Kabla ya matuta, wazee wanasema, pale palikuwa na mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, upande wa hori, na nyuma yake uwanda mweupe usiomea kitu, ambao bahari iliufikia mara chache tu kwa mwaka. Ndivyo pwani yetu ilivyojipanga sehemu nyingi. Mlilana husimama mbele kabisa, hufuata mkoko wenyewe, aina iliyowapa wote jina, kwenye tope laini, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana tena huku nyuma karibu na nchi kavu. Baada ya mchu huja uwanda wa chumvi wenye majani mafupi manene yanayotafunika kwa ladha ya chumvi, halafu hata hayo hukoma. Mchu huweza kuishi huko nyuma kwa sababu hutoa chumvi kupitia majani yake. Pitisha kidole juu ya jani asubuhi ya kiangazi ulambe, utaamini.

Mikoko yote ya Kenya ni msitu uliotangazwa rasmi tangu 1932. Hilo halikuzuia mabwawa ya chumvi kuingia humo miongo iliyofuata, na mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja Malindi kusikiliza hadharani malalamiko ya wakazi juu ya viwanda hivyo. Habari hiyo ni ndefu na haikuanza na bwawa hili. Ninaigusa ili ieleweke kwa nini watu wa Ngomeni hawakurupuki tena mtu wa nje akija na neno “mradi”. Kwa hesabu ya mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017–2027, nchi nzima ina hekta 61,271 za mikoko. Lamu peke yake ina 37,350. Kilifi yote, kuanzia Mtwapa mpaka huku kwetu, ina kama 8,500. Ndugu zetu wa Lamu wakipoteza ekari kumi wanazo nyingine nyuma. Sisi hatuna.

Aliyeutegua mtego huu si mtaalamu. Ni mzee wa Kibajuni, nahodha aliyestaafu, ambaye nyumba yake inatazama hori. Kikao cha kikundi chetu cha kupanda mikoko kilikuwa kinajadili miche ya mara ya tatu itoke wapi, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Wanangu, nyinyi huja hapa masika. Njooni kaskazi, jua la utosi, muone hapa palivyo.” Mwenyekiti akajibu kwa heshima, “Kaskazi sisi tuko baharini, mzee.” Watu wakacheka, lakini jibu hilo lilikuwa na kisa chote ndani yake.

Kusi, upepo wa miezi ya masika na baada yake, likivuma bahari huchafuka, vyombo hupandishwa pwani na vijana huwa na nafasi. Ndipo wanapopatikana wa kubeba miche. Ndipo pia mvua hunyesha, tope hulainika, na bwawa hupendeza. Na serikali hufunga mwaka wake wa fedha Juni 30, kwa hiyo hela nyingi za miradi hutafuta pa kutumika Mei. Kila kitu kinakusukuma upande masika. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ikiingia, bahari hutulia, samaki wapo, na hakuna mvuvi mwenye akili timamu atakayeacha ngalawa yake akaangalie vijiti bwawani. Basi miezi ambayo bwawa linaua ndiyo miezi ambayo halina mtu wa kuliangalia.

Tulikwenda Februari 2024, saa sita mchana, kama mzee alivyotaka. Ardhi ilikuwa na gamba jeupe lililokatika chini ya kiatu, na chini ya gamba tope la kijivu lililonata. Miche ya Novemba ilikuwa bado imesimama kwenye mistari yake, mingi ikiwa na majani mawili yaliyoungua ukingoni, mingine haina kitu. Niling’oa mmoja. Sehemu ya juu ilikuwa ngumu bado, lakini iliyokuwa ardhini ilibanduka ganda mkononi, nyeusi, ikitoa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni ya udongo uliokosa hewa muda mrefu. Kwa hiyo mzizi ulikuwa umeoza tangu maji ya vuli yaliposimama, na jua lilikuja kumalizia kazi tu.

Kisha tukachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, tukangoja maji yachuruzike ndani, tukachukua tone na kulitia kwenye kipima chumvi cha mkononi. Maji ya bahari husoma 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Mizani ya kifaa chetu inaishia 100, na mstari haukuonekana popote; ulikuwa umeshapita mwisho. Ikabidi tuyachanganye na maji matamu nusu kwa nusu ndipo tupate kusoma, ikatoka zaidi ya 60, maana yake ni zaidi ya 120 kwenye shimo. Mchu, ambao ndio sugu kuliko wote, huvumilia mpaka karibu 90. Mkoko huanza kutaabika mapema zaidi. Tukavuka tuta, tukachimba shimo jingine chini ya mchu ulio hai upande wa hori, mwendo wa dakika moja. Hapo kifaa kilisoma chini ya 50.

Jua ni lilelile na mvua ni ileile pande zote mbili. Kilichozitenganisha ni tuta.

Bwawa la kuvukizia hujengwa kwa kusudi moja: kuyapokea maji ya bahari, kuyazuia yasirudi, na kuyaacha jua na upepo viyakaushe, yakihamishwa toka bwawa hadi bwawa mpaka yakolee kiasi cha gramu 260 kwa lita, chumvi ianze kuganda. Bwawa letu liliachwa, mitambo ikaondolewa, walinzi wakaenda zao, lakini lenyewe halikuacha kazi. Tuta lilikuwa limeliwa kidogo juu, kiasi kwamba maji ya bamvua kubwa yaliweza kulipanda na kuingia ndani. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3 katika pwani yetu. Zile kubwa kabisa ni za Machi na Septemba. Maji yakishaingia, hori likipwa yenyewe hubaki. Maji ya kina cha sentimita 10 tu juu ya mita moja ya mraba ni lita 100, na yakikauka yanaacha kilo 3 na nusu za chumvi. Bamvua inayofuata inaongeza. Malindi hupata mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka, na jua na upepo vina uwezo wa kunyonya mara mbili ya hizo. Hesabu ya mwaka mzima haiwezi kutoka upande wa mti.

Masika ndipo bwawa linapodanganya. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu. Maji matamu hujaa, huyeyusha gamba, na chumvi ya juu hupungua mpaka mche unaweza kupumua. Kwa wiki kadhaa majani huwa ya kijani safi na picha hutoka nzuri. Chini ya maji hayo, hata hivyo, mzizi hauna hewa, kwa sababu hayaondoki. Mikoko imezoea kuzamishwa, sawa, lakini imezoea kuzamishwa na kuachwa, bahari ikijaa na kupwa. Maji yasiyopwa huiua kama yanavyoua mahindi shambani. Kusi likikatika na joto likaanza, maji yaliyosimama hugeuka kuwa maji makali, halafu gamba. Ndiyo maana majibu ya ukame na mafuriko yote mawili yalionekana kuwa kweli: kila mtu alikuwa ameona nusu moja ya mwaka.

Kwa nini basi ulipandwa mkoko, na sehemu hii si yake? Kwa sababu ni rahisi. Mbegu zake ndefu huota zikiwa bado mtini, unaziokota, unazichoma topeni, unahesabu. Mfadhili anataka idadi, na mkoko unatoa idadi siku ileile. Mbegu ya mchu ni ndogo, haichomwi kwa mstari, na haijali ratiba ya mtu. Sikusudii kuwalaumu waliopanda. Wengi walikuwa akina mama na vijana waliofanya kazi waliyoagizwa. Namlaumu yule aliyeandika kipimo cha mafanikio kuwa “idadi ya miche iliyopandwa”, na asiweke safu ya “iliyo hai kaskazi ijayo”.

Hatua iliyofuata ilihitaji fundi mwashi kuliko mtaalamu wa misitu. Kikundini kulikuwa na mmoja, naye akaleta mpira wake wa levo, ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Mtu mmoja alishika ncha moja kwenye kijiti kilichopigwa alama chini ya mchu ulio hai, mwingine akatembea na ncha ya pili juu ya tuta mpaka bwawani, wakasoma maji yaliposimama. Ndivyo msingi wa nyumba unavyosawazishwa Ngomeni kila siku. Mwisho wa zoezi tulijua jambo ambalo ripoti mbili za upandaji hazikuwa nalo: sehemu kubwa ya bwawa ilikuwa kimo kimoja na ardhi ambayo mchu unamea wenyewe nje ya tuta. Ni upande wa nyuma tu, ule wa barabara, uliokuwa juu zaidi.

Mwanaekolojia wa Florida, Robin Lewis, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza hili: rudisha kwanza mwendo wa maji, mbegu zitajileta, panda pale tu ambapo haziwezi kufika. Hori letu lina mchu unaozaa kila mwaka mita chache kutoka hapo. Mbegu hazikuwahi kuwa tatizo.

Vibali vilichukua muda. Msitu ni wa KFS, shirika la misitu la serikali, na kugusa matuta kwenye ardhi oevu kunaihusu NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa hiyo makaratasi yalikwenda kote. Katika ofisi moja fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza idadi ya miche lakini haikuwa na nafasi ya kueleza mfereji. Aliyetuhudumia alikuwa mwungwana, akauliza kwa dhati kabisa, “Sasa hapa nitawaandikia miche mingapi?” Tukamwambia sufuri. Akatutazama, akaandika, akapiga muhuri.

Mahali pa kukata palionyeshwa na yule mzee, kwa sababu alikumbuka kijito kilikopita alipokuwa kijana akivua kamba. Picha ya setilaiti kwenye simu ilikuwa na mpindo wenye rangi nzito kidogo palepale. Kazi ilifanywa Septemba 2024 kwa majembe na makarai, siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, ili watu wasichimbe wakiwa ndani ya maji. Tuta lilikatwa sehemu mbili. Udongo uliotoka haukurundikwa kando. Ulirudishwa kwenye lile shimo refu lililo sambamba na tuta, ambako ulichimbwa wakati wa kulijenga. Ukiuacha ukingoni, mvua huurudisha mferejini.

Bamvua ya kwanza iliingia kwa fujo na watu wakashangilia. Ilipopwa, maji yalibaki ya kufika kifundoni. Sakafu ya mlango, yaani pale tuta lilipokatwa, ilikuwa imeachwa juu kuliko sakafu ya bwawa, yaani tulikuwa tumelisaidia bwawa kupata chumvi zaidi kuliko zamani! Ikabidi vijana warudi maji mafu yaliyofuata wachimbe chini, mpaka siku maji yalipotoka yote na tope likaachwa wazi likimetameta. Nikiombwa kutaja kazi moja tu iliyoamua kisa hiki, nitataja siku mbili hizo za kushusha sakafu.

Vuli ya 2024 haikuwa na mvua ya maana, na kwa uchunguzi wetu hiyo ilikuwa bahati. Kama ingekuwa nyingi tungeambiwa mvua ndiyo iliyosafisha. Aliyesafisha ni hori, likiingia na kutoka kila siku ya maji makubwa. Februari 2025 tulichimba shimo mahali palepale. Safari hii kifaa kilisoma bila kuchanganya chochote, kidogo juu ya 60 sehemu ya mbele. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wameshatoboa tope kila mahali, na mashimo yao huingiza hewa chini, kazi ambayo jembe haliwezi. Yale majani manene ya chumvi, ambayo wataalamu huyaita Sesuvium, yalikuwa yanatambaa kutoka kingo za mfereji kwenda katikati.

Majani hayo yalitusaidia zaidi ya tulivyotarajia. Mbegu za mchu huanguka karibu na masika, huelea, na zikitua huhitaji siku chache bila kusombwa ili zishike ardhi. Kwenye tope tupu nyingi hupita tu na kurudi na maji. Kwenye mkeka wa Sesuvium hunasa. Masika ya 2025 michu midogo ilichipua kwa makundi penye majani hayo na kando ya mfereji, haikuwa na mstari wala nafasi sawa, na mingi ililiwa na kaa au ikasombwa na bamvua. Iliyobaki ilitosha. Aliyezoea kuona mikoko ya mradi ataingia pale aseme hakuna kilichofanyika.

Si kila mtu alifurahi, na malalamiko mazito zaidi yalikuwa ya haki. Akina mama wa kitalu walikuwa wakiuza miche kwa miradi kwa bei ya kila mche, na fedha hizo zililipa karo. Bi mmoja alisimama kikaoni: “Mbegu zikijipanda zenyewe, sisi atatulipa nani?” Vibarua vya kuchimba vilikwenda kwa vijana wa kiume karibu wote. Kwa hiyo njia iliyo bora kwa bwawa ilikuwa imehamisha hela kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, na hakuna aliyelifikiria hilo kabla. Wapo wanaosema kitalu kiendelee tu, miche ipandwe kati ya michu iliyojiotea, ili watu wapate riziki. Sikubaliani. Kuwalipa watu kwa kazi isiyohitajika ni kuwadharau, na miche hiyo itahesabiwa tena kwenye ripoti ya mtu. Kupima chumvi kila mwezi, kusafisha mdomo wa mfereji unaojaa mchanga wakati wa kusi, kuzuia mbuzi, kuotesha mkandaa na mkomafi kwa ajili ya sehemu ambazo mbegu zake hazifiki: hizo ni kazi, zinahitaji mikono ya kila siku, na zina haki ya kulipwa kwa mwezi badala ya kwa mche.

Mvutano mwingine ni juu ya ule upande wa nyuma. Umebaki mweupe, na wageni huuliza mara moja, “Na hapa mtafanya nini?” Hatufanyi kitu. Levo ilishasema kwamba kimo chake ni cha uwanda wa chumvi, na wazee walishasema ndivyo ulivyokuwa kabla ya matuta. Ndege wahamiaji wanaofika kuanzia Agosti na kukaa mpaka Aprili hutafuta chakula kwenye tope la hori, na maji yakijaa huhitaji mahali wazi pa kupumzika; wamerudi kutua hapo. Februari kuna nyumba zinazokwangua chumvi hapo kwa ajili ya ng’onda, samaki wa kukaushwa. Bahari ikipanda, hapo ndipo mchu utakaporudi nyuma. Kupajaza miche kwa sababu tu panaonekana patupu ni kurudia kosa la 2021 kwa nia njema zaidi.

Yaliyosalia si madogo. Hati ya ardhi haijatatuliwa, na mwenye kuipata anaweza kuziba milango miwili kwa siku moja. Bwawa la jirani, lililoachwa vilevile, lina matuta mazima na tayari limeombewa miche kwa masika yajayo. Kamati yetu imewaandikia wanaolitaka hilo ikiwaomba waje kwanza Februari na mpira wa levo, kabla ya kuagiza chochote kitaluni. Akina mama nao wameambatanisha barua yao: wanataka orodha ya malipo ya wapimaji na wasafishaji wa mfereji iwe ukurasa wa kwanza wa bajeti, na majina yao yawemo kabla ya vijana wa majembe. Barua zote mbili zilipelekwa pamoja, na mpaka sasa iliyojibiwa ni ile ya kamati peke yake.